Upande wa Kijani

Nilikagua tiketi kwenye treni miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote sikumsamehe abiria hata mmoja. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla hajanijua. Mwanafunzi aliyekuwa anawahi mtihani, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee aliyeapa kuwa tiketi yake imepeperuka dirishani, wote niliwateremsha kituo kilichofuata. Mke wangu alikuwa akinitania kwamba siku nikifa nitamdai malaika kitambulisho. Yeye alitangulia, huu ni mwaka wa sita, na nyumba namba nne nimebaki peke yangu na redio.

Mtaa wetu uko pembeni mwa mji. Nyumba ni za chini, kila moja ina ukuta wake, geti lake na mbwa wake. Asubuhi magari hutoka, jioni hurudi, geti hufunguka na kufungwa, basi. Unaweza kuishi na jirani miaka kumi ukamjua kwa rangi ya gari tu. Ili tusiwe wanyama kabisa tukawa na Umoja wa Wakazi, uliokutana mara moja kwa mwezi kwenye gereji ya Mama Dawa, mwenyekiti wetu, ambaye ana duka la dawa pale kona. Tulizungumzia taa za barabarani zilizoungua, lori la taka linaloruka uchochoro wa nyuma, na mbwa wa namba kumi na tisa, ambaye kwa kelele zake alistahili kuwa na kikao chake. Mimi nilichaguliwa katibu bila kupingwa, maana jina langu lilipotajwa wengine wote walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Kisha mwalimu mstaafu wa namba ishirini na tatu akafa nyumbani kwake, na tukamkuta baada ya siku tano.

"Siku tano, jamani!" Mama Dawa alisema kwenye kikao. "Mbwa wa kila mtu tunamjua kwa sauti. Mwenzetu tumemkosa siku tano."

Ndipo Fundi Saa, mzee wa namba kumi na moja, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa ametengeneza saa za mji huu tangu wengi wetu hatujajua kuzisoma. Alisema kila anayeishi peke yake atundikiwe kibao getini, upande mmoja kijani, upande mmoja mweupe. Ukiamka mzima unageuza kijani. Jua likizama unarudisha cheupe. Mtu apite kila asubuhi atazame. Akikuta cheupe, agonge.

"Nani atapita?" mtu akauliza.

Wakanitazama wote. Ukweli ni kwamba nilifurahi, ila nilikunja uso ili wasinizoee.

Niliandika orodha kwa mkono wangu. Tulipata watu tisa wanaoishi peke yao. Mimi mwenyewe naishi peke yangu, lakini sikujiandika, na hakuna aliyeuliza. Mkagua tiketi hasafiri na tiketi. Fundi Saa akakata mabati, akapaka rangi, akatupa vibao vinavyogeuka kwa kidole kimoja bila kukwaruza.

Kazi ile ilinirudishia ujana. Nilivaa viatu vyangu vya treni, vyenye chuma kisiginoni, nikabeba daftari na kalamu nyekundu. Saa mbili na nusu nilianza namba mbili kwa yule nesi mstaafu; saa tatu kamili nilikuwa mbele ya namba kumi na moja; saa tatu na dakika ishirini nilimaliza namba thelathini na moja kwa mshonaji. Nilijua kuwa pale namba kumi na moja nimefika kwa wakati kwa sababu saa za Fundi zilikuwa zinalia. Alikuwa na saa za ukutani ishirini na sita, na zote alizilazimisha kukubaliana. Ilipotimu saa tatu zilipiga kwa pamoja, kelele mpaka barabarani, nami huku nimesimama nje naweka alama ya vema, kijani, mzima, twende.

Wiki ya tatu nikakuta kibao cha Fundi ni cheupe.

Niligonga geti, nikalisukuma, nikakimbia hadi mlangoni, mimi niliyekuwa sijakimbia tangu nistaafu. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amekaa mezani kwake, amevaa shati safi, anamimina chai.

"Karibu, Katibu. Umefika wakati mzuri."

"Kibao chako ni cheupe!"

"Eti? Lo! Uzee huu, ndugu yangu."

"Uzee gani? Mbona vikombe ni viwili?"

"Nilijua utakuja."

"Ulijuaje?"

"Si kibao ni cheupe," alisema, akanisogezea sukari.

Nilitaka kumfokea, nikajikuta nimekaa. Chai ilikuwa nzito, ya tangawizi, na chumba kilikuwa na joto la watu wawili, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Alinionyesha saa ya mkononi aliyokuwa anaifungua, vyuma vyake vidogo kama mchanga. Aliniuliza habari za treni. Nilimsimulia juu ya abiria aliyejifungia chooni kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, nami nikamngoja mlangoni kwa saa sita, akacheka hadi akavua miwani. Wala hakuuliza kwa nini sikumwacha tu yule mtu. Watu wengi huuliza.

Baada ya hapo Fundi alisahau kibao kila baada ya siku tatu, na alisahau kwa utaratibu mzuri. Nilikuwa nikikunja kona nikiona cheupe nakasirika, na chini ya hasira kuna kitu kinachekelea. Nasema wazi: dakika zile ishirini ndizo zilikuwa siku yangu. Zilizobaki zilikuwa za redio, na za binti yangu anayepiga simu Jumapili kutoka nchi ya mbali, akiongea huku anaosha vyombo.

Lakini kila nilipokunywa chai namba kumi na moja, namba thelathini na moja nilichelewa. Mshonaji alikuwa mwanamke mwenye ulimi kama sindano zake.

"Leo umechelewa dakika ishirini na tano," aliniambia getini, mikono kiunoni. "Ningekuwa nimekufa, ningekuwa nimeshapoa."

"Kulikuwa na dharura, dada."

"Dharura inanukia tangawizi?"

Nilirudi nyumbani nimefura. Miaka thelathini na minne sikuchelewesha treni hata dakika moja, leo nasemwa na mtu mwenye futi ya kupimia shingoni! Nilimwendea Mama Dawa dukani, nikamweleza kwamba mkazi mmoja anacheza na kibao kwa makusudi.

Alikuwa anahesabu chupa za dawa ya kikohozi. "Anataka kampani tu, baba. Kaongee naye."

"Kanuni ni kanuni."

"Kanuni tumeitunga sisi, tena kwenye gereji yangu. Ongea naye, karatasi ya nini?"

Niliandika karatasi. Niliipigia muhuri wa Umoja, na maneno yake nayakumbuka hadi leo, kwa bahati mbaya. "Unaarifiwa kuwa kutogeuza kibao kwa makusudi ni kuwaweka wakazi wengine katika hatari. Hili ni onyo la kwanza. Onyo likifika la tatu, jina lako litaondolewa kwenye orodha." Sikuwa na ujasiri wa kumpa mkononi. Niliipenyeza chini ya geti lake jioni, nikaondoka nikitembea kwa vidole, na kwa viatu vyangu vile si kazi ndogo.

Kesho yake kibao kilikuwa kijani. Keshokutwa kijani. Nilipita saa tatu kamili, saa zikalia, nikaweka vema. Wiki nzima kijani. Namba thelathini na moja nilifika kwa wakati, na mshonaji, kwa kukosa la kusema, akanisifia daftari.

Wiki ya pili nilianza kupunguza mwendo nikikaribia kona. Wiki ya tatu nilikuwa nasimama pale getini muda mrefu kuliko alama ya vema inavyohitaji. Nilimtarajia atoke, hata anitukane. Mlango ulikuwa umefungwa. Ningeweza kugonga. Geti ni geti, mkono ni mkono. Lakini ningesema nini? Kibao chako ni kijani, nimekuja kuuliza kwa nini? Nikameza kiburi changu kila asubuhi, na kila asubuhi kikanikwama pale pale kooni. Aligeuza mapema sana pia. Siku moja nilipita saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwa kisingizio cha kutazama taa, nikakuta tayari ni kijani.

Siku ya Alhamisi nilifanya jambo ambalo mwenyewe nilijionea aibu. Nilivuta kifungo cha saa yangu ya mkononi ikasimama. Kisha nikajiambia: saa imeharibika, itabidi kwenda kwa fundi. Nilipanga nifike jioni saa kumi na mbili, wakati wa kurudisha vibao upande mweupe, nimkute getini kama kwa bahati. Nilioga. Nilivaa shati la kutokea. Njiani nilifanya mazoezi ya kusema "saa yangu imesimama" kwa sauti isiyojali.

Nilifika kabla ya wakati nikajibanza karibu na ukuta wa jirani. Ndani saa ishirini na sita zikaanza kulia saa kumi na mbili. Hakuna mlango uliofunguka. Wala sikusikia hatua ya mtu. Kibao kikasema kre, kre, kikageuka chenyewe, kikatulia upande mweupe.

Kwanza nilifikiri ni upepo, lakini hata jani halikutikisika. Nikasogea, nikapapasa nyuma ya geti, nikakuta kisanduku cha bati, na ndani yake mtambo wa saa kuukuu, wa aina inayojazwa ufunguo mara moja kwa wiki. Kila baada ya saa kumi na mbili mshale ulifyatua kijino, kijino kikazungusha kibao. Kazi safi mno. Nilicheka. Nikasema, mzee huyu amenipata, kanifanya mjinga wiki tatu nzima! Nilikuwa bado nacheka nilipoelewa. Kicheko kikaniganda. Vema zile zote kwenye daftari langu, kwa wino mwekundu, nilikuwa naliwekea bati.

Nilikimbilia mlangoni, nikakuta haujafungwa kwa ufunguo, nikausukuma. Alikuwa sakafuni, katikati ya meza na kabati la saa, amelala ubavu, mguu mmoja umekaa vibaya. Karibu na mkono wake kulikuwa na birika lililoanguka naye, limekauka. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Katibu," alisema, sauti kama karatasi. "Leo si wakati wako."

Nilimpigia simu Mama Dawa, akaja mbio na gari lake, akamnywesha maji kwa kijiko, akampigia simu mtu wa gari la wagonjwa. Mimi nilimshika Fundi mkono nikawa nasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Alikuwa ameanguka Jumanne usiku. Yaani Jumatano nilipita, nikaweka vema. Alhamisi nilipita, nikaweka vema.

Hospitali walimwambia nyonga imevunjika, na kwa umri wake atapona taratibu. Nilikwenda kila siku, nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Siku ya tatu alipata nguvu ya kuongea, nikamuuliza kilichokuwa kinanitafuna.

"Hukuita, Fundi? Siku mbili nzima?"

"Niliita sana. Mtaa ule mchana una mbwa tu." Alitazama dari. "Nikajiambia, nisimalize sauti, ningoje Katibu. Viatu vyako navijua, navisikia tangu kona. Nikasikia unakuja, ko, ko, ko. Nikajaza mapafu. Ukasimama mbele ya geti, na saa zikaanza kulia."

Sikuweza kumtazama.

"Zote ishirini na sita," alisema. "Niliita katikati ya saa zangu mwenyewe. Ziliponyamaza ulikuwa umeshafika mbali. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Ungechelewa dakika mbili tu, ndugu yangu. Lakini wewe huchelewi."

Nililia pale, mbele ya wagonjwa wanane na mtu wa usafi. Nilimwomba msamaha, neno ambalo nililisikia mara nyingi kwenye mabehewa na sikuwahi kulitumia.

"Kwa nini ukaweka mtambo?" nilimuuliza nilipopata pumzi. "Kwa nini hukuja kunigombeza?"

"Ungeniandikia onyo la pili." Alijaribu kucheka, nyonga ikamkataza. "Niliogopa kusahau kweli, Katibu. Mara ya kwanza nilisahau kweli, nilipokumbuka nikaona ni heri nitoe kikombe cha pili. Na nilivyopata barua nikaona nimekuchosha. Nikasema nimpunguzie kazi, apite zake."

Nilimwambia hakunichosha. Nilimwambia kwamba zile ndizo dakika zangu. Ilinibidi nirudie mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliisemea mikono yangu.

Alinisikiliza, kisha akasema, "Kwenye meza yangu, droo ya kushoto, kuna kitu chako. Kiko pale tangu mwanzo. Mliponiagiza vibao tisa, nilitengeneza kumi. Nikawa nangoja useme."

Binti yake alikuja mwisho wa wiki hiyo kutoka mji mwingine, mama mwenye haraka na moyo mzuri. Aliamua baba asirudi kukaa peke yake, na nani angempinga? Sisi tulioshindwa kumwona siku mbili tukiwa na daftari? Alizifunga saa ishirini na sita kwenye mablanketi, na mimi nikamsaidia kubeba. Nyumba ya binti iko ghorofa ya tano, Fundi aliniambia kwa simu baadaye, na majirani wamemwomba binti azisimamishe saa usiku. Tuliongea mara tatu. Kwenye simu yeye hasikii vizuri na mimi sijui kuongea, tumezoea kuwa na kikombe katikati. Mara ya nne alipokea binti, akasema baba amelala.

Nyumba namba kumi na moja ina tangazo la kupangishwa. Kisanduku cha bati nilikitoa mwenyewe. Kibao kilikuwa kimeendelea kugeuka siku zote hizo, asubuhi kijani, jioni cheupe, mpaka mtambo ulipoishiwa.

Kwenye kikao Mama Dawa hakunilaumu, na ningependa anilaumu. Niliongeza kanuni: anayepita agonge kila geti, kibao kiwe rangi yoyote, asubiri sauti ya mtu. Walikubali wote. Sasa mzunguko wangu unaisha saa nne na nusu. Nesi wa namba mbili hunijibu akiwa bafuni. Mshonaji hufungua dirisha na kusema, "Nipo, nipo, usinipotezee wateja." Wananiambia wapo, nami naweka vema, nasogea.

Kibao cha kumi nilikikuta droo ya kushoto, kimefungwa kwenye gazeti. Namba nne imeandikwa kwa mkono wake, mstari umenyooka. Nilikipigilia getini kwangu. Kila asubuhi kabla ya kutoka nakigeuza kijani, na sikumwambia mtu.

Jumamosi iliyopita sikukigeuza.

Sikuwa mgonjwa. Nilifanya mzunguko wangu wote, niligonga mageti manane, nikarudi, nikapita mbele ya kibao changu cheupe nikaingia ndani. Niliteleka chai, nikatia tangawizi, nyingi mno kwa kuwa sijui kipimo chake. Nilivaa shati safi. Nilitoa vikombe viwili, nikaacha mlango wazi kidogo, nikakaa nikiwa nimeelekea geti.

Saa tano gari la Mama Dawa lilipunguza mwendo. Nilisimama. Alipiga honi mara mbili, kama anavyonisalimu siku zote, akapita. Si kosa lake, mwangaliaji wa vibao ni mimi. Mtu alipita na mbwa. Lori la taka likaja, na safari hii halikuruka uchochoro. Chai ilifanya ngozi juu. Nilimwaga kikombe changu, cha pili nikakiacha.

Alasiri nilichukua daftari, nikapiga mstari chini ya majina yale, nikaongeza namba nne. Kwenye siku ya Jumamosi niliandika kwa wino mwekundu: hakugeuza. Nikangoja kidogo, kalamu mkononi, kisha nikaandika: onyo la kwanza.

Saa kumi na mbili nilitoka kwenda kurudisha kibao upande mweupe. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nilipokumbuka kuwa hakikuwa na haja.